Bandari ya Kigwa

Octavian hakuwa mwizi. Neno hilo lilimuudhi sana, kwa sababu mwizi huchukua kitu cha mtu mwenyewe akiwa hayupo, na yeye katika miaka ishirini ya kazi hakuwahi kuchukua kitu ambacho hakukabidhiwa kwa mikono miwili, mara nyingine na chai juu yake. Alikuwa ameuza asali ya Ipole ambayo nyuki hawakuhusika nayo hata kidogo. Alikuwa amepangisha nyumba moja ya Cheyo kwa familia tatu kwa wakati mmoja, nyumba yenyewe ikiwa ya mtu wa nne. Wote hao walimpa mkono wakimuaga, na mmoja alimwombea safari njema.

Siku alipoiona ile picha alikuwa Kigwa, akiuza miwani ya kusomea isiyo na kasoro yoyote, ila kwamba vioo vyake vilikuwa vioo vya dirisha. Nyumba ya tatu kutoka stesheni alimkuta bibi mmoja mwembamba, Agnetha, ambaye aliijaribu miwani, akamrudishia.

"Macho yangu mazima, baba. Treni ikiwa bado iko porini huko mimi nimeshaiona. Lakini jua ni kali, ingia unywe chai."

Akaingia. Akaletewa chai na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na alipokuwa akitafuta la kusema kuhusu matobolwa, macho yake yakapanda ukutani. Kati ya kalenda ya parokia na picha ya harusi ya marehemu mumewe bibi, ndani ya fremu ya mninga, ilining'inia bandari.

Ilikuwa imechorwa kwa rangi za maji, na rangi zenyewe zilishaanza kufifia. Kulikuwa na maji ya buluu, meli yenye bomba moja linalotoa moshi, na minazi, au miti iliyokuwa na nia ya kuwa minazi. Upande wa kulia kilisimama kitu kirefu chenye miguu minne. Ufukweni palikuwa na watu wadogo kama sisimizi wamebeba mizigo kichwani, na mbele yao mmoja ameinua kitambaa kwenye kijiti.

Jicho la kazi likafunguka. Octavian alimfahamu mtu wa kuuziwa kitu hicho kabla hajameza tonge. Aliirudisha miwani yote mfukoni isipokuwa moja, akaivaa, akasimama. Aliyeketi alikuwa mchuuzi, aliyesimama alikuwa afisa.

"Mama, hii picha ya enzi za mkoloni imehakikiwa?"

"Imefanywaje? Baba yangu ndiye—"

"Usiseme chochote bado, mama, kwa faida yako mwenyewe. Mimi natoka Kitengo cha Uhakiki wa Picha za Kale, Kanda ya Magharibi. Leo nilikuwa nazunguka kimyakimya, ndiyo maana ukaniona na miwani."

"Sawa, baba, lakini hii ni ya nyumbani. Baba yangu, Mungu amrehemu—"

"Ya baba watayaeleza wataalamu."

"Ilikaa ndani ya sanduku lake mpaka alipofariki. Ndipo nikaitengenezea fremu. Alikuwa—"

"Mama!" Octavian aliinua kidole kwa huruma nyingi. "Picha isiyohakikiwa inaweza kuleta faini. Mimi sitaki ulipe faini."

Mara tatu bibi yule alitaka kumpa historia ya picha, bure, na mara tatu Octavian aliikataa. Tukumbuke hilo, maana yeye hakulikumbuka mpaka muda ulipokuwa umekwisha kwa viatu vyake.

Akaandika stakabadhi kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni, akaigonga muhuri aliochongesha kwa shughuli nyingine kabisa. Chini yake aliongeza: *Mali itarejeshwa kwa mwenyewe baada ya uhakiki.* Bibi aliikunja karatasi mara nne.

"Itarudi lini?"

"Siku kumi na nne za kazi."

"Usiipoteze, baba. Nina miaka sabini na minane. Nikifungua macho asubuhi, hiyo ndiyo ninaiona kwanza, najua bado niko kwetu."

Octavian alihisi kitu kimemchoma kidogo kifuani. Akayashuku matobolwa.

Mtu aliyekuwa akilini mwake alikuwa Bundala Masolwa wa mjini Tabora, mwenye malori ya kusomba tumbaku kutoka Sikonge. Kwa mali alikuwa ameshiba, ila alikuwa na njaa nyingine, ya babu. Alikuwa amejenga nyumba ya wageni ya ghorofa mbili, akaiita Kirangozi, na kila aliyemuuliza kwa nini, alimwambia kuwa babu yake Masolwa alikuwa kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mshika bendera aliyewatangulia wapagazi mia tano kutoka Unyanyembe hadi pwani. Alikufa wapi? Safarini. Amezikwa wapi? Njiani. Ushahidi uko wapi? Hapo Bundala alikuwa akiagiza soda.

Octavian alimletea ushahidi ukiwa umefungwa kwenye kitenge.

"Bandari ya Dar es Salaam, mwaka 1903," alisema kwa sauti ya chini, kama yumo kanisani. "Ilichorwa na Mjerumani mmoja aliyekuwa mgonjwa wa ini. Msafara umefika kutoka Unyanyembe asubuhi hiyohiyo. Huu mrefu ni mnara wa taa. Na huyu wa mbele, mwenye bendera, Mjerumani aliuliza jina lake, akaambiwa Masolwa."

Bundala aliisogelea picha mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Mbona mdogo hivi?"

"Yuko mbali, mzee. Wakubwa wote huchorwa kwa mbali. Anayechorwa karibu ni mtu wa kuonekana tu."

"Na huyu wa nyuma yake mbona anamzidi kimo?"

"Huyo amebeba pembe ya ndovu. Toa pembe, hamfikii babu hata kiunoni."

Bundala akaitoa ile pembe kichwani mwake, akaridhika. Halafu, kwa kuwa mtu hamiliki malori kumi na mawili kwa kuwa mjinga moja kwa moja, akauliza swali: "Wewe imekufikiaje?"

Hapa palihitaji mtu wa kujizuia, na Octavian hakuwa mtu wa kujizuia. Angeweza kusema ameinunua mnadani, ikaisha. Lakini fundi akinogewa huongeza nakshi. Yeye mwenyewe alikuwa Mnyamwezi wa Nzega upande wa baba na upande wa mama. Sasa akaweka mkono kifuani.

"Naitwa Octavian Pazi. Babu wa babu yangu ndiye aliyemshikia Mjerumani mwavuli siku hiyo. Sisi ni Wazaramo, mzee. Wa Kisarawe."

Bundala akapiga kelele ya furaha. "Mzaramo! Mtani wangu! Na unakuja kwangu umevaa viatu, umevipata wapi?" Akainyakua soda ya Octavian, akainywa yote, akacheua. Octavian akacheka hadi machozi, maana hesabu yake ilikuwa imekubali.

Kwa asiyejua: tangu enzi za misafara Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mtani anaweza kukutukana kwenye msiba wa baba yako, akaondoka na jogoo wako, na wewe ukacheka. Ukinuna, unatozwa faini. Kwa hiyo hakuna anayemdai mtani vyeti. Octavian alikuwa ameuona utani kama mlango wa kuingilia, na kweli uliingilika. Hakujiuliza nani mwingine ana ufunguo.

Wakakubaliana milioni nane. Bundala alitaka kulipa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mbele ya ukoo mzima, ili ukoo uone babu alivyo na thamani.

Huko Kigwa, siku kumi na nne za kazi zilikwisha. Bibi Agnetha alipanda bodaboda hadi ofisi za wilaya, Isikizya, na stakabadhi yake ndani ya kitambaa. Binti wa mapokezi aliisoma mara mbili, akaenda kuuliza vyumba vyote, akarudi akiwa hataki kumtazama usoni.

"Bibi, hapa hakuna kitengo kama hiki. Hakijawahi kuwepo."

Bibi alirudi nyumbani. Ukutani pale palipokuwa na picha palibaki mraba mweupe, msafi kuliko ukuta wote, na aliona aibu kuutazama, kana kwamba ni yeye aliyemfukuza baba yake nyumbani. Alilia kidogo. Halafu akageuza kitanda kielekee dirishani.

Siku mbili baadaye simu ikaita. Alikuwa Flavia, mke wa Bundala. Bundala alikuwa mtoto wa kaka yake Agnetha, ingawa tangu aanze kununua malori alikuwa ameisahau njia ya Kigwa, na mjini hapo hakuna aliyejua kuwa ana watu huko. Hakutaka shangazi aalikwe. Flavia alimwambia kuwa jambo la ukoo bila shangazi ni kikao cha walevi tu, na akatuma nauli kwa simu.

Jumamosi saa saba mchana uwanja wa Kirangozi ulikuwa umejaa. Ukoo ulikuja mpaka na wale wanaotafutwa na ukoo. Wali ulipakuliwa, mbuzi akaliwa, picha ikasimamishwa mbele chini ya kitenge. Octavian alivaa koti jeusi na viatu vya ngozi vyenye ncha. Alihutubia dakika ishirini juu ya ini la Mjerumani, kitenge kikavutwa, wanawake wakapiga vigelegele, na Bundala, jasho likimtoka kwa fahari, akamkabidhi bahasha nene. Octavian akaiingiza mfuko wa ndani wa koti. Basi la Mwanza lilikuwa linaondoka saa tisa.

Ndipo bibi mmoja mwembamba akaingia getini, amechelewa, vumbi la safari bado liko kwenye kanga.

"Shangazi, karibu," alisema Bundala, si kwa furaha sana. "Shikamoo. Mwone babu huyo kwenye picha! Na huyu ndiye mtani wetu Mzaramo aliyemleta."

Agnetha aliitazama picha muda mrefu. Kisha akamtazama mtani. Octavian alijificha nyuma ya chupa ya soda, ambayo haikuwa pana kiasi hicho, akajipa moyo kuwa wazee hawaoni vizuri. Halafu akakumbuka ile miwani iliyokataliwa.

Bibi alikuja akaketi karibu naye, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vikavu.

"Bwana afisa," alinong'ona, "uhakiki umekwisha?"

Octavian alijaribu kuuvuta mkono. Vidole havikulegea.

"Sikiliza, mwanangu. Yule anayechokonoa meno pale ni Sajini Xavery, ameoa kwetu. Nikipiga kelele za mwizi, atakuchukua wewe na atachukua picha. Wewe utatoka. Picha itakuwa kidhibiti, itakaa stoo mpaka kesi iishe, na mimi miaka ya kusubiri kesi sina. Kwa hiyo nitakuuliza maneno machache mbele za watu. Unijibu vizuri."

Akasimama. Ukoo ukamgeukia.

"Wanangu, mimi mtu wa kijijini, msinicheke. Huyu ni nani?"

"Mtani!" wakaitika.

"Mzaramo kweli? Nisije nikamkosea mtoto wa watu."

Octavian alimtazama Sajini Xavery, ambaye alikuwa amehamia jino la upande wa pili.

"Mzaramo, bibi," alisema. "Wa Kisarawe. Baba na mama."

"Haya. Na mtani akichukua kitu cha mtani?"

"Halali yake!"

"Na mwenye kitu akinuna?"

"Faini!"

Bibi akaenda mbele, akaitoa picha pale ilipowekwa, akaikumbatia. "Basi, Mzaramo, hii nimechukua."

Uwanja ulilipuka kwa vicheko na vigelegele. Octavian alicheka pia. Alicheka kwa bidii kubwa, akapiga mapaja, huku moyoni akipiga hesabu ya haraka: picha imekwenda, bahasha ipo, basi ni saa tisa. Hasara haikuwepo.

"Viatu," alisema bibi.

Akavivua akicheka. Vikakabidhiwa kwa Suzana, binti wa mwisho wa Bundala, akavivaa papo hapo na kuanza kutembea kama mbuni.

"Koti."

Kicheko cha Octavian kikakwama njiani. Mikono yake ikalikamata koti yenyewe.

"Bibi, mtani wangu, koti acha. Lina… lina stakabadhi zangu muhimu."

"Stakabadhi ninazo za kutosha."

"Ananuna!" akapaza sauti mzee mmoja kutoka nyuma. "Mzaramo ananuna! Faini!"

"Sinuni!" alilia Octavian, meno yote nje. "Nani kanuna? Chukua, mtani! Chukua!"

Akalivua. Bibi Agnetha alilivaa juu ya kanga, likamfika magotini, akapapasa mfuko wa ndani, akaitoa bahasha na kuipima mkononi kama anayenunua nyama. Bundala akaruka kutoka kitini.

"Shangazi! Hiyo ni yangu!"

"Ilikuwa yako. Ukampa Mzaramo. Mimi nimemnyang'anya Mzaramo." Akamkazia macho. "Au unanuna, Bundala? Wewe si mtani wangu, wewe ni mtoto wangu, faini yako ni tofauti. Paa la nyumba ya babu yako linavuja mwaka wa sita."

Bundala akaketi. Flavia alitazama pembeni ili asionekane anacheka.

Octavian alianza kurudi nyuma kuelekea getini, soksi zake zikiokota changarawe. Bibi akamwita. Akamfuata, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitia mfuko wa shati lake na kuupapasa.

"Yako hii, mtani. Safari njema."

Angeweza kuondoka hapo. Basi lilikuwa bado. Lakini nyuma yake alisikia sauti ya bibi ikianza kueleza jambo, na miguu yake ikakataa kwenda. Akasimama nje ya geti, kwenye kivuli chembamba cha nguzo, akasikiliza.

"Babu yenu Masolwa hakuwa kirangozi," alikuwa akisema bibi. "Alikuwa mpishi. Alimpikia Mwingereza mmoja wa reli, palepale Kigwa. Mke wa yule Mwingereza alikuwa akichora, na rangi zikibaki chini ya vikopo anampa baba. Basi baba akimenya viazi, yule mama anamsimulia bandari alikoshukia, maji yalivyo, meli zilivyo. Baba hakuwahi kuiona bahari. Hakuwahi kuvuka Dodoma. Siku moja akachora bandari, akaiweka Kigwa, maana ndipo alipopajua. Tazameni vizuri. Huo si mnara wa taa, ni tangi la maji la stesheni. Hiyo si minazi, ni mivumo ya kwetu. Hiyo meli ni garimoshi, kaliingiza majini bila kulitoa bomba. Na huyu mwenye bendera ni Shilinde, aliyekuwa akipungia treni."

Ukoo ukasogea. Ikasikika sauti ya Bundala, ndogo kuliko alivyowahi kusikika akiongea na dereva yeyote.

"Na babu yuko wapi hapo, shangazi?"

"Hayumo. Alikuwa ameshika brashi."

Octavian alisikia mtu akipenga kamasi, akajua ni mwenye malori. Na pale nje, juani, bila viatu, bila koti, alipatwa na uchungu ambao hakuna mtu aliyewahi kumsababishia. Mpishi aliyechora bahari asiyoiona! Garimoshi ndani ya maji! Mjerumani wake na ini lake bovu walikuwa takataka mbele ya hadithi hiyo. Ingeuzwa milioni ishirini, na mnunuzi angelia na kuongeza. Na alikuwa amepewa bure, na chai, na matobolwa, mara tatu.

Akaitoa karatasi mfukoni, akaikunjua. Mwandiko ulikuwa mzuri, muhuri umenyooka. *Mali itarejeshwa kwa mwenyewe baada ya uhakiki.* Aliisoma hadi mwisho, akalazimika kukubali kwamba Kitengo cha Uhakiki wa Picha za Kale, Kanda ya Magharibi, kilikuwa kimetimiza ahadi yake. Kisha akaanza kutembea kwenda stendi, akichagua pa kukanyaga.